Rudia neno hilohilo, hakuna atakayekucheka

Kuna mwongozo mmoja nililetewa niupitie, wa kufunga programu fulani, kurasa 40 na kitu, Kiingereza kimenyooka, sarufi haina doa, koma zimekaa pale zinapotakiwa kukaa, na bado fundi wa kwanza aliyeufuata alikwama siku nzima. Nikasema haiwezekani, ngoja nisome taratibu. Kumbe ukurasa wa kwanza kuna kitu kinaitwa "server", ukurasa wa tatu kitu hichohicho kimekuwa "host", mbele kidogo ni "machine", alafu kule mwishoni mwandishi sijui alichoka sijui alinogewa, akakiita "the box". Ni kitu kimoja tu hicho! Fundi wa watu, mtu makini kabisa, alikuwa anahangaika kutafuta mashine nne.

Nikamuuliza mwandishi, kaka mbona hivi, akanijibu bila hata kupepesa macho: si tulifundishwa shuleni tusirudie neno? Nikaishiwa maneno, maana kweli tulifundishwa. Insha yenye "said" tano ilikuwa inarudi imejaa wino mwekundu, ukaambiwa weka "remarked", weka "exclaimed", onyesha msamiati wako. Tukakua hivyo, tukawa watu wazima na kazi zetu, na bado kila tukikaa kuandika Kiingereza tunaandika kama kuna mwalimu amesimama nyuma ya bega anahesabu maneno.

Sasa leo nataka kusema kitu ambacho kitawaudhi wapenzi wenzangu wa lugha (na mimi ni mgonjwa wa lugha, sikatai, nimewahi kukesha nikibishana kuhusu koma moja). Vita vyetu vingi kuhusu Kiingereza sahihi ni vya bure, tunafukuza mbu wakati chatu amelala uvunguni. Kwenye maandishi ya kiufundi, yaani miongozo, maelekezo, viwango, dokumentesheni za programu, kosa la sarufi mara nyingi msomaji analiruka tu anaendelea na kazi yake, ila sentensi sahihi kabisa yenye maana mbili ndiyo inayomtumbukiza shimoni, na hiyo sentensi mhariri wa sarufi ataipitisha huku anatabasamu.

Chukua ile sheria ya kutomaliza sentensi na kihusishi, yaani "to", "with" na wenzake. Chanzo chake kinafahamika, mwaka 1672 mshairi John Dryden aliwasema waandishi waliomtangulia, Ben Jonson akiwemo, kwa kuacha vihusishi vinaning'inia mwisho wa sentensi, na akakiri hata yeye mwenyewe anaugua ugonjwa huo. Miaka 90 baadaye, 1762, Robert Lowth, ambaye alikuja kuwa askofu wa London, akaandika sarufi yake akaligusa jambo hilo, na kishazi alichokitumia kuielezea hiyo tabia akakimalizia na "to"! Napenda kuamini alikuwa anatania. Watu wakayachukua maoni ya mabwana hawa wakayageuza amri za Musa, na mpaka leo kuna mtu anarudishiwa ripoti yake sababu imeishia na "with".

Ile nyingine ya kutopasua kitenzi, kwamba usiweke neno katikati ya "to" na kitenzi chake, hiyo ni ya juzijuzi tu, ilishika kasi karne ya 19. Na hii inanikera zaidi maana kwenye kazi za ufundi inaleta madhara. Andika "make sure to fully close the valve", kila mtu ameelewa, valvu ifungwe mpaka mwisho. Haya mwogope huyo mwalimu wa nyuma ya bega, uwe na adabu, andika "make sure fully to close the valve", sasa hiyo "fully" inahusu kuhakikisha au kufunga? Umeitii sheria, umempoteza fundi.

Hata hili la kukwepa kurudia neno, Waingereza wenyewe walishalistukia zamani. Henry Fowler na mdogo wake Francis mwaka 1906 walilibatiza kwa kejeli "elegant variation", yaani umaridadi wa kubadilibadili maneno, wakawacheka waandishi waliokuwa wanaona aibu kumwita mtu kwa jina lake mara mbili kwenye aya moja. Wao walikuwa wanawasema watu wa magazeti na riwaya. Kwenye mwongozo wa mashine hakuna hata cha kuchekesha, maana msomaji wa mwongozo ana kanuni moja kichwani mwake na ni kanuni ya haki kabisa: neno likibadilika, kitu kimebadilika. Anaamini wewe mwandishi una akili zako timamu, ukisema "host" baada ya "server" lazima ulikuwa na sababu.

Nani alilielewa hili vizuri? Watu wa ndege, maana wao kosa la lugha wanalizika.

Machi 27, 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ukungu umetanda, Boeing 747 mbili ziko kwenye njia moja ya kurukia, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Rubani msaidizi wa KLM akasema redioni maneno ambayo kwenye kanda yanasikika kama "we are now at takeoff". Isome tena hiyo sentensi. Haina neno gumu, mtoto wa darasa la nne anaisoma. Muongoza ndege akaelewa kwamba ndege ipo pale pa kurukia, imetulia, inasubiri. Kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia. Akajibu "OK", akaongeza wasubiri atawaita, ila hayo ya kuongeza yaligongana redioni na sauti ya Pan Am waliokuwa wanasema bado wapo njiani, kwa hiyo kilichosikika vizuri kule KLM ni ile "OK". Watu 583 wakafa, na mpaka leo hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote ya ndege kugongana. Wapo wachambuzi wa lugha wanaosema Kiholanzi kilichungulia pale, maana kwa Kiholanzi mtu anayefanya jambo sasa hivi husemwa yuko "kwenye" kulifanya, kwa hiyo "at takeoff" kwa masikio ya Mholanzi inaweza kuwa "tunaruka". Sababu za ajali zilikuwa nyingi, ukungu, haraka, ukubwa wa rubani mkuu mbele ya wenzake, siwezi kuitwisha sentensi moja mzigo wote. Lakini waliokaa chini baada ya pale waliona hilo neno ni la hatari wakalifungia: leo redioni hutamki "takeoff" mpaka unapopewa ruhusa yenyewe ya kuruka au inapofutwa, kabla ya hapo ni "departure" tu.

Angalia walichofanya. Hawakuwaambia marubani wakasome Kiingereza zaidi (hilo lilikuja baadaye kwa njia nyingine, tangu 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wanapimwa Kiingereza chao, na kiwango cha chini cha kufaulu ni daraja la 4 kati ya 6). Walichofanya ni kuchukua neno moja na kulipa kazi moja.

Wazo hilohilo limewekwa kwenye maandishi ya mafundi wa ndege. Kuna Kiingereza kinaitwa Simplified Technical English, toleo lake la kwanza lilitoka 1986, na ukikisoma mara ya kwanza kama wewe ni mpenzi wa lugha unaweza ukalia. Kamusi yake ina maneno kama 900 tu, ukiacha majina ya vifaa na istilahi za fani. Kila neno lina maana moja, na sana sana linabaki kuwa aina moja ya neno. "Follow" maana yake ni kuja nyuma ya kitu, basi, kutii maelekezo kuna "obey". "Fall" ni kudondoka chini, presha haiwezi "fall", presha inapungua. "Test" ni nomino, kwa hiyo husemi jaribu mfumo, unasema fanya jaribio la mfumo. Sentensi ya kuelekeza kazi isizidi maneno 20, ya kueleza isizidi 25. Mara ya kwanza nilikiona kama Kiingereza kilichofungwa pingu. Nikarudi tena baadaye nikiwa nimeshakutana na mashine nne za yule fundi, nikakiona kwa jicho lingine kabisa.

Kwa sababu fikiria fundi amelala chini ya bawa la ndege saa tisa usiku, Kiingereza si lugha aliyoinyonya, tochi kaishika kwa meno. Unataka aanze kujiuliza "close" hapa ni funga au ni karibu? Maneno ya Kiingereza yanabeba mizigo mingi mno. "Oversight" ni usimamizi na ni uzembe wa kutosimamia, neno moja hilo hilo. "Sanction" ni kuruhusu na ni kuadhibu. "Biweekly" mpaka leo Waingereza wenyewe hawajakubaliana kama ni mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili, na cha ajabu wanaendelea kuliandika kwenye ratiba. Kikao Uingereza uki-"table" hoja umeileta mezani ijadiliwe, Marekani umeiweka pembeni isijadiliwe!

Sasa hapa ndipo sisi tunaokitazama Kiingereza kutoka lugha nyingine tuna faida ambayo hatuitumii. Tunakiona kwa nje. Mzawa wa Kiingereza hasikii utata uliopo kwenye "is closed" maana amezaliwa nao, kama samaki asivyosikia chumvi. Ila mpe Mswahili atafsiri sentensi hii: "When the valve is closed, the light comes on." Atasimama. Kwanini? Kwa sababu Kiswahili kinamlazimisha achague. Valvu ikiwa imefungwa, au valvu inapofungwa? Ya kwanza ni hali, ukute valvu imeshafungwa tangu jana, taa inawaka muda wote. Ya pili ni tendo, taa inawaka pale mkono unapozungusha, pengine inazima baada ya hapo. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu anayetafuta hitilafu, na Kiingereza kimevifunika kwa shuka moja. Mara ngapi nimemrudia mwandishi wa sentensi ya namna hii nikamuuliza ni ipi, akakaa kimya, akasema ngoja nimuulize injinia. Yaani mwandishi mwenyewe alikuwa hajui! Kiingereza kilimruhusu aandike kitu ambacho hakijui, na kikamtolea sentensi nzuri.

Kuna wale wanaosema tatizo ni kauli ya kutendwa, passivu, wapige marufuku yote. Hapana. "The file is deleted" tatizo lake siyo kutendwa, tatizo ni kwamba sijui ni mimi niifute au programu itafuta yenyewe au imeshafutwa. Kiswahili kina "futwa" na kina "futika", kina "imefutwa", "inafutwa", "hufutwa", yaani ngazi zote hizo ziko kwenye kitenzi chenyewe na mtoto anazitumia bila kuambiwa. Ukishajua hilo unaporudi kwenye Kiingereza unaanza kuuliza maswali sahihi: nani, lini, na ni hali au ni tendo. Na kama mtendaji hana umuhimu, andika kwa kutendwa tu bila woga, "the signal is sent every 10 seconds", nani ana haja ya kujua waya gani umetuma.

Angalia na hii ya "it". "Remove the cover from the battery and clean it." Safisha nini, kifuniko au betri? Kiswahili kinamaliza kesi kwa silabi moja, ukisafishe ni kifuniko, uisafishe ni betri, ngeli zinafanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji sentensi nzima ya ziada kuifanya. Kwa hiyo kanuni yangu nikiwa nahariri Kiingereza ni hii, kila "it" naijaribu kwa Kiswahili, nikiona nashindwa kuchagua ngeli najua msomaji naye atashindwa, naifuta narudisha nomino. Ndiyo, inarudiwa. Irudiwe.

Alafu kuna yale magari moshi ya nomino, zinaunganishwa behewa baada ya behewa hakuna hata kiunganishi kimoja. "Pump test failure report." Je, jaribio lilifeli, au pampu iliharibika wakati wa jaribio? Jaribu kuisema kwa Kiswahili utaona huwezi kuitamka mpaka uwe umeamua, maana kila "ya" na "la" na "kwa" inakuuliza nani mwenye mali: ripoti ya kufeli kwa jaribio la pampu, ama ripoti ya kuharibika kwa pampu wakati wa jaribio. Ile Simplified Technical English inakataza zaidi ya nomino tatu mfululizo, na mimi naona hata tatu ni huruma.

Wasije watu wakasema najisifia lugha. Kiswahili kina mashimo yake, makubwa tu. "Mtoto aliyempiga mwalimu", nani kampiga nani? Na ile betri na kifuniko, badilisha iwe betri na redio, zote ngeli moja, umerudi palepale kwenye utata wa Kiingereza. Ninachosema ni kwamba mashimo ya lugha mbili hayakai sehemu moja, kwa hiyo ukiipitisha sentensi kwenye lugha nyingine kichwani mwako linaonekana shimo ambalo mzawa anapita juu yake kila siku.

Shimo letu baya kuliko yote, ukiniuliza mimi, ni "unaweza". Unaweza kubonyeza hapa. Una uwezo, una ruhusa, au inawezekana tu ikatokea? Kiingereza kina "can", "may" na "might", kinatuzidi hapo, ila nacho kikavuruga chenyewe kwa "may not". "The device may not restart": kifaa hakiruhusiwi kuwaka upya, au huenda kisiwake? Watu wa intaneti walilifanyia kazi hili mapema. Machi 1997 Scott Bradner aliandika waraka mfupi sana, RFC 2119, ukaweka maana ya maneno yatumikayo kwenye viwango vya intaneti: MUST ni lazima hakuna mjadala, SHOULD ni fanya isipokuwa una sababu ya maana na umeshapima madhara, MAY ni hiari yako. Kuna MUST NOT, kuna SHOULD NOT. Katafute MAY NOT, hutaiona. Mtu alikaa akafikiri akaiacha nje, na mimi huo ndio ufundi wa lugha ninaousujudia kuliko hata sonata gani sijui.

Tena walikuja kugundua tatizo jingine, waandishi walikuwa wanaandika "should" ya kawaida kwenye maelezo na wasomaji wanabishana kama ni ile ya kisheria, ndipo mwaka 2017 ukatoka waraka mwingine, RFC 8174, kusema ni zile za herufi kubwa tu zenye hiyo maana maalum. Herufi kubwa! Ndiyo maana usiwacheke watu wanaobishana kuhusu vitu vidogo, wacheke wanaobishana kuhusu vitu vidogo visivyo sahihi.

Maana "should" ya mtaani ni kama mtu akikwambia "tutaonana basi". Injinia akiisoma anasikia siyo lazima, mwanasheria anasikia ni wajibu, muuzaji anasikia ahadi. "Shall" nayo ina kesi zake, Wamarekani walipoandika upya kanuni zao za mashauri ya madai kwenye mahakama za shirikisho, zikaanza kutumika Desemba 2007, waliiondoa "shall" wakaweka "must" au "may" au "should" kutegemea walichomaanisha, maana ilikuwa imetumika kwa maana zote hizo. Na sisi tunapotafsiri tuwe macho, "must not" siyo "si lazima". Si lazima ubonyeze, na lazima usibonyeze, hapo katikati kuna mtu anaungua mkono.

Kuhusu koma sitakaa sana, wapenzi wa lugha wanaijua kesi ya Maine, kule Marekani, kama sala. Sheria ya jimbo hilo ilikuwa inaorodhesha kazi zisizolipwa ovataimu, mwishoni ikasema "packing for shipment or distribution of" bidhaa fulani, bila koma kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema sisi tunasambaza, hatufungashi, na hiyo orodha inazungumzia kufungasha tu. Mahakama ya rufaa 2017 ikaona kweli kuna utata, ikaelemea kwa madereva, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Wote wanaishia kusema mnaona umuhimu wa koma. Mimi kilichonivutia ni hoja ya madereva yenyewe, walisema shughuli zote kwenye orodha zimeandikwa kwa "-ing" isipokuwa "shipment" na "distribution", kwa hiyo hizo mbili ni ndugu, zote zinafungashiwa. Hiyo ni hoja ya sarufi safi kabisa, ya mtu mwenye sikio. Na wabunge wa Maine waliporekebisha ile sheria, waliweka nukta-mkato kati ya kila kazi na kazi, "distribution" ikageuzwa "distributing", yaani waliziba matundu yote mawili.

Na hapo ndipo naona sisi wagonjwa wa lugha tuna kazi. Sikio lile linalokereka na kihusishi mwisho wa sentensi ndilo sikio linaloweza kusikia kwamba "only press the button when the light is green" na "press the button only when the light is green" si kitu kimoja, ya kwanza inaweza kuwa inasema wewe bonyeza tu, usifanye kingine chochote. Uwezo upo, unaelekezwa kubaya. Mtu anakaa masaa anapigania "fewer" dhidi ya "less" (vyovyote vile msomaji anaelewa zimepungua) alafu anaipitisha "ensure the switch is off before servicing if required" bila kuuliza hiyo "if required" imeshika wapi, kuzima au kuhudumia.

Kuna mashine ya mionzi ya tiba iliitwa Therac-25, kati ya 1985 na 1987 ilihusika na ajali sita zinazojulikana za wagonjwa kupigwa mionzi iliyopita kiasi na baadhi yao walikufa. Kosa la msingi lilikuwa kwenye programu na kwenye kuondoa kinga za kimashine, hilo liko wazi. Lakini kwenye baadhi ya ajali hizo, mwendeshaji aliyekuwa amekaa mbele ya skrini aliletewa nini kama onyo? "MALFUNCTION 54". Basi. Mwongozo wa mwendeshaji haukueleza 54 ni nini, na mashine ilizoea kutoa meseji za aina hiyo mara kwa mara, mtu unabonyeza herufi P inaendelea. Tahajia ya hiyo meseji ni sahihi kwa asilimia mia. Hakuna mwalimu wa Kiingereza angeigusa.

Zipo na dhambi ndogondogo. "Simply", "just", "easily", hizo zifutwe zote, msomaji aliyekwama akisoma "simply" anajiona mjinga na wewe anakuona adui. "Please" kwenye kila hatua nayo inachosha, hatua 30 za "please" ni kama kusalimiwa na mtu mmoja kila akipita mlangoni. Tarehe 03/04 usithubutu (ni Aprili 3 au Machi 4?), andika mwezi kwa jina. "Setup" na "set up", sawa, ya pili ni kitenzi, ila ukikosea dunia haitaanguka.

Najua kuna mtu anasema sasa unataka Kiingereza kife, kiwe cha roboti. Hapana jamani, nyumbani nasoma mashairi kama kawaida. Hata vyakula, chumvi haiwekwi kwenye chai eti kwa sababu ni tamu kwenye mchuzi. Na nikiri pia, kuandika kwa maneno machache yenye kazi moja moja ni kugumu kuliko kuandika kwa madoido, maana madoido yanaficha pale usipoelewa. Ukinyimwa "host" na "machine" na "box" ukabaki na "server" tu, lazima ujue server inafanya nini, huna pa kujificha.

Yule kaka mwandishi nilikaa naye, tukatengeneza orodha ya maneno, kitu kimoja jina moja, ukurasa mmoja tu wa karatasi. Akabisha kidogo, akasema lakini ona hii aya "server" inatokea mara saba, inatia aibu, niachie hata moja niibadilishe. Nikamwambia kaka rudia, hakuna atakayekucheka, fundi hahesabu. Akakubali kwa shingo upande. Siku tatu baadaye nikapata emaili yake, mistari miwili, mmoja wa salamu na mmoja unasema "the revised file is uploaded". Nikafurahi, nikaingia kwenye foda, hakuna kitu. Nikasubiri nusu saa, nikaangalia tena, hakuna kitu. Nikampigia simu nimuulize maana yake ni imepakiwa au inapakiwa. Akacheka kwanza, akasema subiri kidogo kaka, natafuta chaja.